Kadi Iliyochoka, na Rukia Niliyemsingizia

Siku ile naikumbuka, mwanangu, hata kanga niliyovaa naikumbuka. Ilikuwa Kondoa, asubuhi ya kiangazi, upepo unasukuma vumbi jekundu mpaka ndani. Mama wa bibi harusi alikuwa ameketi sebuleni kwetu akisubiri kuona video ya harusi ya binti yake. Nikawasha kompyuta. Skrini ikaja na mistari ya kijani na zambarau, nyuso za watu zimekatika vipande kama mkeka uliofumuka. Kisha ikawa nyeusi.

Ngoja kwanza nikwambie tulikuwa nani. Mimi na Rukia tulikuwa wasichana wa mtaa mmoja, tumesoma dawati moja. Kaka yangu wa Dodoma aliponiletea kompyuta ya mezani, tukaanza kazi ya video za harusi pale pale nyumbani. Rukia alishika kamera, mimi nilikata na kuunganisha picha. Leo wewe unafanya hayo kwenye simu huku unakunywa chai. Sisi ilikuwa kazi ya siku nyingi. Rukia alikuwa hawezi kufanya kazi bila kuimba, tena wimbo haujui, anajua kipande kimoja tu. Na ndala zake aliziacha mlangoni ovyo, moja imeelekea Babati, nyingine Dodoma. Mama yangu alizipanga kila siku huku akinung'unika.

Harusi ile ilikuwa na uzito wake. Bibi yake bibi harusi alifariki siku chache baada ya sherehe, na picha zake za mwisho zilikuwa ndani ya kompyuta ile tu, maana kanda tulikuwa tumekwisha kuzirekodia harusi nyingine. Ndiyo maana yule mama alipoona skrini imezima, alianza kulia palepale.

Mimi nikatafuta wa kumlaumu. Jana yake Rukia alibaki peke yake pale sebuleni, akapiga deki. Nikaona sakafu ilivyong'aa, nikaunganisha maji na kompyuta, kesi ikaisha kichwani mwangu.

"Umemwagia maji," nikamwambia, mbele ya mgeni.

Rukia alisimama na ufagio mkononi, akaniita kwa jina. "Salama, mimi hata meza sikuigusa. Umefungua ukaangalia ndani?"

"Niangalie nini? Mkono wako ndio ulioiua. Tena toka uanze kuingia hapa, hakuna kitu kinachodumu."

Ulimi hauna mfupa, mwanangu. Lile neno la mwisho halikuwa hata kweli. Rukia aliweka ufagio taratibu, akachukua kamera yake, akamwambia yule mama, "Pole mama," akatoka. Hakunitazama.

Kesho yake niliifunga kompyuta kwenye shuka, nikapanda nayo basi la Dodoma, nimeipakata kama mgonjwa. Kaka yangu alinipeleka kwa fundi mmoja karibu na soko, Mzee Ndahani, Mgogo mpole aliyeanzia kutengeneza redio. Nikamwamkia, shikamoo, marahaba, akaniuliza, "Ilianzaje?"

Nikamsimulia habari ya Rukia na deki. Aliniacha nikamaliza.

"Mwanangu, sikukuuliza nani. Nimekuuliza ilianzaje."

Nikamwambia: mistari, kisha ikawa nyeusi. Akaanza kupima, kitu kimoja kimoja. Aliunganisha skrini yake badala ya yangu: mistari ilikuwepo. Akabadilisha waya: ipo. Akaizima na kuiwasha tena, akanionyesha kwamba mistari inakuja pale inapoanza kuamka tu, kabla programu yoyote haijafunguka. "Basi si programu," akasema. Ndipo akafungua kava.

Vumbi letu la Kondoa lilikuwa limejaa humo kama pamba ya mto. Akalipuliza. Akachomoa kadi ya picha, yaani kile kibao kinachotuma picha kwenye skrini, akasugua meno yake ya shaba kwa kifutio cha penseli, akairudisha. Picha ikaja safi! Nikataka kuifunga niondoke.

"Kaa," akasema. "Mgonjwa hapimwi homa akiwa kwenye kivuli. Iache ifanye kazi."

Haikupita nusu saa, mistari ikarudi. Akanishika kidole akakiweka karibu na kadi ile. Ilikuwa ya moto, na feni yake ndogo haizunguki. Akajaribu kuweka kibao kingine cha kumbukumbu, hali ile ile. Mwisho akatoa kadi kuukuu kwenye droo yake, akaichomeka. Tukakaa nayo mchana wote. Haukutoka mstari hata mmoja, na faili zangu zote zilikuwepo.

"Maji je?" nikauliza.

"Alama ya maji ni wapi? Hakuna kutu, hakuna doa. Kadi hii imechoka kwa joto, siku nyingi. Mlikuwa mnaifunika ikiwa inawaka?"

Mwanangu, nilitamani sakafu inimeze. Kitambaa cha kufuma kilichoifunika kompyuta kilikuwa changu. Nilikiweka ili kuzuia vumbi, kikaziba matundu ya hewa. Rukia ndiye alikuwa akikiondoa, akisema, "Inapumua wapi hii?" nami nakirudisha. Nyani haoni kundule.

Nilirudi Kondoa nikamalizia ile video. Sasa sikiliza. Rukia ndiye mshika kamera, kwa hiyo hayumo katika picha hata moja. Lakini sauti yake imo. Pale yule bibi aliyefariki anapocheka hadi anashika mbavu, inasikika nyuma ya kamera: "Salama, hapa usikate. Mwache acheke." Nililia kuliko yule mama.

Je, nilikwenda kumwomba radhi? Nilisema kesho. Aibu ikanifunga miguu. Nilipopata ujasiri, Rukia alikuwa ameolewa Mpwapwa. Nilipofika Mpwapwa, mume alikuwa amehamishwa kikazi, hakuna pale aliyejua wapi. Nikaenda kwa mama yake, nikapiga magoti, nikamwomba anifikishie ujumbe; anakoishi binti yake hakuniambia. Baada ya miezi jibu likaja: "Mwambieni nimesikia."

Hilo tu. Mpaka leo sijui kama ni msamaha. Mama yake amefariki, njia imekatika. Nimefanya kazi na wengi baada yake, wazuri, lakini jino la pembe si dawa ya pengo. Bado nyumba ikitulia nasubiri mtu aimbe kile kipande kimoja.

Basi mwanangu, kitu kikiharibika mkononi mwako, uliza kimeanzaje kabla ya kuuliza nani. Pima moja moja, hata jambo linaloonekana wazi. Na kikionekana kimepona, kipe muda kabla hujashangilia. Na ukishajua kwamba umemkosea mtu, nenda siku hiyo hiyo, na aibu yako mgongoni. Kadi niliipata nyingine droani kwa fundi; Rukia mwingine sikumpata.

Mungu akupe subira ya kupima na ulimi mzito wa kushtaki. Akuwekee rafiki zako karibu, uzisikie sauti zao wakiwa hai, na akutangulie kila mlango unaoogopa kuubisha. Amina.