Kikohozi Nilichokitoa Kwenye Kanda

Nilimfuta mtu kwenye kanda kwa sababu niliona anaharibu wimbo. Nimewahi kulisimulia jambo hili kwa namna ya kujitetea, na kila mara nilitoka nimedanganya mahali. Leo nalisema lilivyokuwa.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza kidato cha nne kwa alama za kuficha, na baba alikuwa na duka la kanda pale Nyakahura, kando ya barabara kuu. Miaka ile malori ya mahindi ya msaada yalipita mbele yetu kutwa nzima kwenda kwenye kambi ya wakimbizi, na soko lilijaa watu ambao mwaka uliotangulia hatukuwajua. Walileta maharage ya mgao, vyungu, mashati ya mitumba, na walinunua muziki. Hilo la muziki lilitushangaza. Sijui tulidhani mkimbizi anasikiliza nini.

Kazi yangu ilikuwa kurekodi kwa redio ya deki mbili iliyofungwa kwenye betri ya gari. Kazi niliyojipa mwenyewe ilikuwa kutoa maoni. Kila kanda niliibandikia kikaratasi. "Upande wa kwanza cheza, upande wa pili lala." "Mwimbaji analalamika mno. Aliyemwacha alifanya vizuri." Hata picha za kibanda cha video cha jirani niliziandikia ubaoni: "Stelingi anapigwa risasi mbili, anaimba nyimbo tatu, ndipo anakumbuka kufa." Watu walicheka. Madereva walisimamisha lori waulize binti wa duka anasemaje juu ya kanda mpya. Baba, ambaye nyumbani hakuruhusu kitu kingine zaidi ya taarabu aliyoirithi kwa babu, aliwaambia wateja kwamba mwanawe ana sikio. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nililitia.

Mama mmoja alikuja siku ya soko, asubuhi, na binti yake wa miaka kama minne. Alikuwa Mrundi, amekonda, amejifunga kitenge kilichofuliwa mpaka maua yakapotea. Kanda yake ilikuwa ya kwaya, imerekodiwa nyumbani kwake kabla ya kukimbia, na redio za kambini zilikuwa zimeitafuna sehemu mbili tatu. Alitaka ihamishiwe kwenye nzima.

"Rekodi yote, dada," aliniambia. "Yote namna iko."

Sikumuuliza kwa nini. Nilimwambia aje Jumamosi.

Desturi ya duka letu ilikuwa hii: ukileta kanda iliyochoka unapewa nzima, na ile ya zamani inabaki kwetu kuwa sehemu ya malipo. Tunakata palipotafunwa, tunaunga kwa gundi ya karatasi, tunarekodi muziki mwingine juu yake. Kila mtu alijua hivyo, naye alijua, na aliafiki kwa kuwa niliitikia aliposema yote.

Mchana nikaisikiliza. Kwaya ilikuwa ya kawaida: ngoma iko karibu mno na redio, na wanawake wa sauti ya kwanza wanaimba kama wanaita watu shambani. Lakini kulikuwa na mwanamume mmoja aliyenikera. Katika wimbo wa kwanza alikohoa mara mbili, karibu kabisa, bila shaka ndiye aliyeishika redio. Katika wa pili alisema kwa Kirundi wafunge mlango, mbuzi wanaingia. Nilielewa kwa kuwa Kirundi na Kihangaza ni ndugu, na Kihangaza nilikuwa nimekiokota sokoni. Watu wakacheka katikati ya wimbo. Mwishoni akawaambia warudie, sauti ya pili wamechelewa. Na kusema kweli walikuwa wamechelewa.

Nikaamua kumsaidia yule mama. Ndivyo nilivyoona, kwamba ninasaidia. Nilirudisha kanda nyuma, nikasikiliza kikohozi kinapoanzia, nikarudisha tena, nikahesabu kwa kidole, nikabonyeza kitufe cha kusimamisha mahali penyewe hasa. Kwa wale mbuzi nilijaribu mara nane. Ilipoisha, kwaya ilikuwa safi, hakuna alama ya mtu, nikabandika kikaratasi: "Sasa inasikilizika." Kanda ya zamani nikaiunga, nikarekodi juu yake muziki wa dansi, na kabla ya jua kuzama utingo mmoja wa lori alikwisha kuinunua na kuondoka nayo kwenda Kahama.

Kama bendi ya Dar es Salaam ingekohoa, ningeandika kwamba kanda ina uhai. Hilo nalijua. Miaka ile tulinung'unika kwamba wageni wametumalizia kuni na wamechafua visima, na mimi nilijiona siyo kama wale wanaonung'unika, kwa sababu niliwauzia muziki kwa uso mkunjufu.

Jumamosi alikuja na binti yake, akaniomba tusikilize pale pale dukani. Aliketi kwenye kreti, akamweka mtoto mapajani, akamshika kichwa akakielekeza kwenye spika. Nikaona fahari. Wimbo wa kwanza ukapita. Niliona anainamia redio, kisha ananitazama. Wa pili ukapita. Ulipokwisha wa mwisho akaomba turudie, tukarudia.

"Hapa kuna mutu anakohoa," akasema. "Amekwenda wapi?"

"Nilimtoa, mama. Alikuwa anaharibu wimbo."

Hakupaza sauti. Natamani angepaza. Alinieleza kwa Kiswahili chake cha kambini, polepole, kwamba yule ni mumewe, kwamba mtoto alikuwa mgongoni walipopotezana naye njiani, hajamwona tena, na kwamba kila Jumapili alimpigia mtoto kanda ile ili aijue sauti ya baba. Nyimbo si kitu, akasema. Nyimbo anazijua mwenyewe. Akaomba ile ya zamani.

Baba alikuwa amesimama mlangoni. Alipoelewa, alinyoosha mikono kuniambia niitoe. Nikasema imekwenda Kahama. Baba akakaa chini kwenye gunia, akasema "Astaghfirullah," wala hakunitazama mpaka jioni. Alimsimamisha kila dereva wa njia ile kwa miezi, akiulizia. Wapi.

Nililia, na kilio changu hakikumsaidia mtu. Yule mama akasubiri nimalize. Kisha akasema:

"Wewe ulimusikia mara mingi. Mwambie mutoto."

Sikuelewa. Akanionyesha koo lake. Alitaka nikohoe.

Na mimi nilikijua kile kikohozi. Hakuna mtu Nyakahura nzima aliyekijua kama mimi, kwa jinsi nilivyokisikiliza ili nikikate vizuri. Nikakohoa mara mbili mbele ya mtoto, mbele ya baba, mbele ya wateja wawili waliokuja kutafuta rumba. Mama akatikisa kichwa: chini zaidi, kifuani. Nikarudia. Nikasema maneno ya mlango na mbuzi, na alikoivuta sauti nikavuta, na alikoimeza nikameza. Mama akafumba macho. "Hapo," akasema. "Hapo hapo." Kisha nikasema sauti ya pili wamechelewa, turudie.

Mtoto alicheka kwa ajili ya mbuzi, akataka tena. Nikasema tena. Mama alikuja naye siku tatu za soko zilizofuata, kila mara mtoto akitaka baba, na kila mara nilimpa, mpaka tukaambiwa watu wa sehemu ile ya kambi wamehamishwa, na sikuwaona tena.

Yule binti sasa ni mtu mzima. Kama bado anaikumbuka sauti ya baba yake, anayoikumbuka ni yangu.