Gari Ambalo Baba Hakutaka Lioshwe

Harufu ya gari la baba ilikuwa inafika nyumbani kabla ya gari lenyewe. Jioni nilikuwa nakaa nje ya jiko na bibi, tunapepeta ulezi, na upepo ukivuma kutoka barabarani bibi anainua pua na kusema, "Mwanangu anarudi." Ilikuwa harufu ya tope lililovunda, petroli, dagaa, maganda ya miwa na jasho la wanaume, vyote vimepikwa pamoja ndani ya bati tangu asubuhi. Halafu ndipo tunasikia injini inapanda kilima kwa kukohoa, na kuku wetu wanatawanyika. Lilikuwa stesheni wagoni nyeupe, ila ule weupe ilibidi uambiwe. Baba alilinunua mwaka ule ambao duara lake lilitema. Sisi watu wa Nyakunguru shimo la dhahabu tunaliita duara, na likitoa mawe yenye mali tunasema limetema. Siku zile kila mtu alikuwa na duara, au alikuwa na ndugu mwenye duara, au alikuwa anaota duara. Hata mwalimu wetu wa hesabu alikuwa akija darasani na vumbi la mawe kwenye nyusi.

Mimi nilikuwa na miaka kumi, na nililipenda lile gari kuliko mtu anavyopaswa kupenda kitu kichafu. Jumapili, baba akiwa amelala, nilikuwa naingia kiti cha mbele na kuendesha mpaka Musoma, mpaka Mwanza, mpaka nchi ambazo sikujua ziko upande gani, huku miguu yangu imezama kwenye takataka. Takataka hizo zilikuwa na matabaka kama chapati. Juu kulikuwa na maganda ya miwa, na sisimizi walikuwa wamejipanga barabara yao kutoka mlangoni mpaka chini ya kiti. Wahenga walisema ganda la muwa la jana, chungu kaona kivuno, na kweli wale sisimizi walikuwa wamevuna na kuhamia kabisa. Chini ya maganda kulikuwa na vumbi jekundu la barabara. Chini ya vumbi ndiko lilikokuwa lile tope la kijivu, gumu kama saruji, lililotoka duarani na viatu vya baba.

Kumbe tope hilo lilikuwa na sheria yake. Wachimbaji waliamini kwamba duara likishatema, mtu haogi ovyo, hafui shati la kazi, wala hafuti tope la viatu, kwa sababu ukiosha tope unaosha bahati. Baba yangu alikuwa mtu wa kanisa, lakini kwenye jambo hilo alikuwa wa duarani. Mama alipojaribu kuchukua ufagio, baba alisema, "Mama Ghati, acha hivyo hivyo. Hilo si vumbi, hiyo ni ada ya shule." Mama aliangalia gari, akaniangalia mimi, akarudisha ufagio nyuma ya mlango. Sikuelewa kwa nini alikuwa anatabasamu.

Aliyevunja amani ni bibi. Mdogo wake aliolewa Ikoma, kule karibu na geti la mbuga, na walikuwa hawajaonana tangu mimi sijazaliwa. Habari zilikuja kwamba macho ya yule mdogo wake yanaingia ukungu, na bibi akasema anataka kufika kabla hajawa sauti tu kwa mdogo wake. Baba alikubali kumpeleka Jumamosi. Shida ilikuwa kifua. Bibi alikuwa na kifua kibovu, na mara ya mwisho alipopanda lile gari kwenda Tarime mjini, vumbi lilimkaba mpaka akaomba kushuka, akakaa kwenye jiwe kando ya barabara akikohoa nusu saa huku baba amemshikilia mabega. "Mimi kwenye zizi hilo siingii tena," alisema. "Ng'ombe wangu wanalala pasafi kuliko hapo." Baba akamwambia kwamba kuosha ni kufukuza bahati. Bibi akacheka mpaka akakohoa tena. "Mura, kijana wangu, kama bahati yako inakaa kwenye maganda ya miwa, hiyo ni bahati ya nzi." Lakini baba hakucheka. Alisema safari ipo na gari litakwenda jinsi lilivyo. Bibi akaingia ndani, akaanza kufungua kifurushi alichokuwa ameshakifunga, akatoa kitenge kipya, akatoa ulezi wa zawadi, akavirudisha sandukuni kimoja kimoja. Mimi nilikuwa mlangoni, na moyo wangu, ambao hata leo watu wanasema ni laini kama siagi, haukuweza kuvumilia.

Ijumaa baba alipanda pikipiki ya rafiki yake kwenda msibani Tarime, na funguo akaziacha kwenye msumari wake. Mama alikwenda shamba na mdogo wangu. Nilitoka shule mbio. Nilichota maji kisimani ndoo moja moja, na nilizihesabu, zilikuwa kumi na moja. Nilichukua sabuni ya unga, gunzi la hindi la kusugulia, tambara la gauni langu la zamani, na kijiko cha kuchimbia kwenye pembe. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami niliinama hasa, kichwa chini ya viti na miguu nje, kama mtu aliyemezwa nusu. Vitu nilivyovitoa mle ndani bado navikumbuka: manyoya ya kuku, mengi, meupe na ya madoadoa; maganda ya vitunguu; dagaa waliokauka wakawa kama vijiti; punje za mahindi zilizokuwa zimeanza kuota kwenye zulia; kiatu kimoja cha mtoto ambaye si wetu; na yai lililopasuka na kugandia chini ya kiti cha nyuma. Nilishangaa kidogo kuhusu lile yai, kisha nikaendelea kusugua. Tope la kijivu ndilo lililonitesa. Nilimwaga maji, nikangoja, nikachimba, mpaka likaanza kulegea na kutiririka chini ya mlango, likapita uani kama mto mdogo wenye rangi ya majivu. Lilibaki pande moja tu nyuma ya kiti cha dereva, limebana kwenye mguu wa kiti, likakataa hata kijiko. Mwisho nilikata majani ya mkaratusi nikayaweka chini ya viti. Gari likanukia kama asubuhi.

Baba aliporudi alisimama mbele ya gari muda mrefu. Aliweka kiganja juu ya bati, akakiangalia, kilikuwa kisafi. Akauliza, "Nani?" Nikasema mimi. Nilikuwa nimejiandaa kwa fimbo. Badala yake alifungua mlango, akakaa kwenye usukani, akavuta pumzi ya mkaratusi, akasema kwa sauti ndogo, "Kamwambie bibi yako afunge kifurushi." Kesho yake tulikwenda Ikoma wote, madirisha yamefungwa upande wa vumbi. Bibi hakukohoa hata mara moja. Tulipovuka daraja la Mto Mara aliimba, na tulipofika, mdogo wake alimshika uso kwa mikono miwili, akampapasa pua, akasema, "Umezeeka, dada, lakini unanukia vizuri." Nilijiona nimefanya jambo kubwa kuliko yote duniani.

Furaha hiyo ilidumu siku tatu. Jumanne alikuja baba mdogo Chacha, aliyekuwa mbia wa baba kwenye duara. Walikaa nyuma ya nyumba, nami nikiwa naosha vyombo nilimsikia akisema wazi, "Lile duara basi tena, limejaa maji mpaka mdomoni. Nimeshauza kamba na ndoo. Bahati ilishaondoka, kaka." Sahani ilinitoka mkononi. Maji. Nilikuwa nimemwaga ndoo kumi na moja za maji juu ya tope la duara. Kwa akili yangu ya miaka kumi hesabu ilikuwa imekamilika, sikuhitaji mwalimu. Nilikuwa nimeosha bahati ya baba, na duara lilikuwa limejaa kwa maji yangu mimi. Jioni ile sikula. Kesho yake sikula. Nilikuwa nikimwona mdogo wangu Mwita anajifunza kuandika jina lake kwa mkaa ukutani, nawaza kwamba ada yake ilitiririka mlangoni mimi nikiitazama. Bibi alinipa uji wa ulezi wenye limau, nikaugeuzageuza kwa kijiko. Mama alinigusa paji la uso, akasema hakuna homa. Siku ya tatu baba alinikuta nimekaa ndani ya gari peke yangu, nimekusanya udongo wa uani kwenye bakuli, najaribu kuupaka kwenye zulia.

Aliniuliza nafanya nini. Nilimwambia narudisha. Nikamweleza yote, kwa kwikwi, ndoo kumi na moja na alichosema baba mdogo. Baba alisikiliza mpaka mwisho. Akachukua lile bakuli mikononi mwangu, akalimwaga nje. "Funga mlango," akasema, akawasha gari.

Tulikwenda ng'ambo ya kilima, mahali ambapo sikuwahi kuruhusiwa kufika. Nilitegemea kuona wanaume, kamba, kelele. Kulikuwa na vyura. Duara lilikuwa limejaa maji ya kijani, na ile miti ya kushikilia kamba ilikuwa na utando wa buibui kutoka nguzo hadi nguzo. Juu ya lundo la kifusi ulikuwa umetambaa mmea wa maboga, labda kutokana na mbegu walizotema wachimbaji wakila, na katikati ya majani lilikuwa limekaa boga kubwa kuliko kichwa changu. Baba akalionyesha kwa kidole. "Ghati, wewe ni mtoto wa mkulima. Boga hilo limeota tangu Ijumaa?"

Nikasema hapana, boga kama hilo ni miezi. "Enhe," akasema. "Basi na maji ni ya miezi." Akachuchumaa, akaanza kuchezea kokoto. Akaniambia kwamba duara lilikufa tangu kabla ya masika. Kwamba kila asubuhi alipovaa buti na kofia yenye taa, alikuwa anapita hapa, anazivua, anaziweka nyuma, kisha anakwenda kubeba mizigo ya watu sokoni: vitunguu, dagaa, matenga ya kuku. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akarusha kokoto moja majini. "Mtu wa duara akipita, watu wanasema bosi huyo. Mtu wa kuku akipita, wanapiga mluzi tu, wewe, simama. Nikasema, tope likiwepo bado mimi ni mtu wa duara." Kisha akanigeukia na macho yake yalikuwa mekundu kidogo. "Ulichoosha wewe kilikuwa uongo wangu. Bahati hukuigusa. Sasa kula, mwanangu." Mimi leo ni mtu mzima na najua ilimgharimu kiasi gani kusema hivyo kwa mtoto wa darasa la nne. Angeweza kuniambia tu nisilie.

Tulilichuma lile boga. Njiani baba alikuwa akijiandaa kumwambia mama. Mficha maradhi kilio humfichua, na safari hii kilio kilikuwa changu. Alipomaliza kuungama, mama aliendelea kulikata boga. "Baba Ghati, nilijua tangu manyoya ya kwanza," akasema. "Tangu lini duara likataga mayai?" Bibi alicheka mpaka tukampiga mgongoni. Baba alitaka kukasirika, akashindwa, akaomba kipande cha boga.

Tangu siku ile gari letu likawa na sheria mpya, aliyeitunga ni bibi: ukishuka, shuka na chako. Aliyekula muwa alishuka na maganda yake. Tenga la kuku lilitandikiwa gunia, na gunia likakung'utwa kabla ya injini kupoa. Kila Jumamosi mimi na Mwita tulisugua, na kila Jumamosi majani mapya ya mkaratusi. Wa kwanza kutukodisha kwa usafi wetu alikuwa Mzee Salehe, mwenye duka la vitambaa Turwa, ambaye alipitisha kidole kwenye kiti, akakinusa, akasema vitenge vyake vitapanda humu. Baada yake wakaja manesi, wakaja maharusi. Ada ya Mwita ililipwa, na yangu pia mpaka kidato cha nne. Watu walimpigia baba mluzi na yeye akasimama, na baadaye wakaanza kumwita bosi bila kuambiwa na mtu.

Siku hizi nafanya kazi Ikoma, kwenye hoteli ya watalii karibu na geti, naosha magari ya mbugani. Tuna mashine ya kurusha maji. Kazi ya ndoo kumi na moja inaisha kabla wimbo wa redioni haujaisha. Kwa rangi ya tope naweza kumwambia dereva alikopita, naye anashangaa. Nina ndoto ya kufungua pa kuoshea magari pangu mwenyewe, Tarime mjini, penye viti vya wateja na miti ya mikaratusi kuzunguka ua. Maneno ya kibao nimeshayaandika nyuma ya daftari. Bibi ametangulia, na mdogo wake pia. Lile duara lilifukiwa, wakapanda mihogo.

Gari bado lipo. Wazazi wamehamia Turwa na baba halitoi barabarani mara nyingi, lakini Krismasi nikienda nyumbani naliosha kwa mkono, kwa tambara na kijiko, kama zamani. Mwaka jana baba alileta kigoda akakaa kivulini kunitazama. Nilipofika nyuma ya kiti chake, kwenye lile pande la kijivu lililobana kwenye mguu wa kiti, alianza ghafla kuangalia kuku wa jirani. Nikalizungusha tambara taratibu kulifuata pembeni, kulia, kushoto, mpaka zulia lote likang'aa, na lile pande nikaliacha kavu.