Mashuka ya Mama Salimu

Jamani, mimi nimekwisha, uso wangu sijui nitauweka wapi. Nafua nguo za watu nyumbani kwangu, hapa Gerezani, na wateja nawapata kwa picha ninazoweka status ya WhatsApp: kabla ya kufua na baada ya kufua.

Juzi jirani yangu, Mama Salimu, akaniletea mashuka aliyomdarizia mwanawe kwa ajili ya harusi yake ya mwezi uliopita.

"Mwanangu, nifulie kimyakimya."

Yalikuwa na kojo, na nyumbani kwao hakuna mtoto. Nikasugua mpaka yakang'aa. Sasa mimi na kiherehere changu, nikayapiga picha, nikaandika: "Hata kojo la mtu mzima kwangu linatoka!" Jina la mtu sikutaja. Nikajiona mjanja kweli.

Kulipokucha, status imejaa vicheko. Nikafurahi, nikasema biashara imekubali. Mara bwana harusi mwenyewe akabisha hodi. Nikamkabidhi mzigo huku natabasamu.

Akayakunjua palepale mlangoni, akanionyesha pembeni, penye uzi mwekundu na herufi kubwa kama za bango: SALIMU NA ZUHURA.

"Dada, kwenye picha yanasomeka vizuri tu," akasema. "Zuhura amerudi kwao."