Mkono Uliozoea Kulegeza

Walimwita Fundi kwa sababu kabla ya kuvaa gwanda alikuwa akishona nguo kwao, na mama yake hakuwahi kuwasamehe watu wa jeshi kwa kumchukulia mtoto mwenye mkono kama ule. Mkono wenyewe ulikuwa mwepesi kweli. Kutafuta mshipa, kuingiza sindano ya maji, kushona jeraha kwenye ngozi ya mdoli, hapo hakuwa na mpinzani katika kozi nzima ya utabibu wa vitani. Tatizo lilikuwa moja, nalo Sajini, mkufunzi wao, alilisema mbele ya watu bila kumung'unya maneno.

"Wewe binti, kumwumiza mtu huwezi. Na mtu anayevuja damu, usipomwumiza unamzika. Kesho kwenye zoezi nikiuona tena mkono huo wa huruma, unarudi stoo kukunja mablanketi."

"Ndiyo, afande," Fundi akajibu, kisha akaenda kulia chooni, maana kambi nzima hapakuwa na mlango mwingine wenye komeo.

Lakini huruma ile haikuwa yake peke yake, tuseme haki. Darasani walijifunza kwa kufungana wao kwa wao mkanda wa kubana damu, ule wenye kijiti unachokizungusha mpaka nyama inabanwa na mshipa unaziba. Ukikazwa sawasawa, unauma hadi unawaona marehemu wa kwenu. Basi wanafunzi wakajiwekea utaratibu wao wa chinichini: anayefungwa akigonga kwa kiganja, mwenzake analegeza papo hapo. Sajini akipita anaona mikanda imekaa, vijiti vimenyooka, kumbe kidole kinapita chini yake bila shida. Aliyeanzisha mchezo huo ni kijana waliyemwita Kinanda, kwa vile akishaamka mdomo haufungwi tena.

Siku ya zoezi Kinanda akapewa kazi ya kuigiza majeruhi. Nani mwingine? Wakampaka rangi nyekundu iliyokorogwa na sukari, nzi wakamshangilia, akapanda juu ya lori bovu lililowekwa uwanjani kama gari lililolipuliwa. Moshi ukawashwa. Spika zikaanza kutoa vilio vya watu, fataki zikapasuka.

"Fundi!" akapiga kelele kutoka juu. "Ukinikuta nimezimia, hayo mambo ya kunipulizia mdomoni sitaki, nina mchumba!"

"Mchumba gani, wewe? Labda hao nzi!"

Watu wakacheka. Kinanda akaruka chini kwenda kulala mahali pake, na bati lililochanika ubavuni mwa lori likamdaka pajani, juu kidogo ya goti, likampasua.

"Nimekatika! Jamani, ya kweli hii!"

"Leo umejitahidi," mmoja akamwambia, akipita mbio na machela. "Ongeza sauti kidogo, afande hajasikia."

Akapita zake. Ni Kinanda mwenyewe aliyewazoesha hivyo.

Fundi alipofika alipiga magoti, akaweka kiganja juu ya suruali iliyolowa. Rangi ya zoezi ni baridi, tena inanata. Hii ilikuwa ya moto, nayo ilimsukuma kiganja, ikija na kukatika, ikija na kukatika, kwa mwendo wa moyo.

"Mama yangu," akasema. Kisha akapaza sauti, "Simamisheni! Ni damu ya kweli!"

Spika zikaimeza sauti yake.

Akachomoa mkanda mfukoni, akaupitisha juu ya jeraha, akavuta kwa nguvu zote, akazungusha kijiti. Kinanda akapiga yowe. Akazungusha tena. Kiganja cha Kinanda kikagonga udongo, pa, pa.

Na mkono wa Fundi ukalegeza.

Hakuamua, wala hakufikiri. Mkono ulifanya kile ulichozoeshwa wiki nenda wiki rudi. Kijiti kikarudi nyuma, damu ikaruka hadi kwenye kola yake.

Hapo ndipo alipoelewa alichokifanya.

"Niachie, dada," Kinanda akasema. Midomo yake ilikuwa imegeuka majivu. "Nakufa, niachie." Na huku anagonga.

"Gonga! Gonga mpaka uchimbe kisima, silegezi!"

Akazungusha. Kinanda akamtukana yeye, akaitukana cherehani yake, akaingia hadi kwenye ukoo. Fundi akauma meno, akazungusha mpaka kijiti kikagoma kabisa. Damu ikasimama. Akakibana kijiti kwenye kishikizo chake, akamvua buti, akashika mgongo wa wayo kutafuta mapigo. Hakuna, mshipa umeziba. Ndipo kivuli cha Sajini kikamwangukia, naye Sajini akageuka, akanguruma, "Zimeni hayo madude! Leteni gari!"

Jioni habari zikaja kutoka hospitali: mguu upo, mwenye mguu naye yupo, ameshaanza kuwachosha wauguzi kwa maneno. Sajini akawakusanya darasani.

"Huyu harudi stoo," akasema, akimwonyesha Fundi. "Nimeuona mkanda wake."

Fundi angeweza kunyamaza. Hakuna aliyeona. Akasimama.

"Afande, nililegeza."

"Ulifanya nini?"

"Aligonga, nikalegeza. Damu ikatoka tena. Ndivyo tunavyofanya hapa wote ukigeuka mgongo. Akigonga, tunalegeza."

Darasa likainama kama limeamriwa. Nyuma mtu akanong'ona, "Umetuuza, dada." Fundi akasikia, asigeuke. Shingo ilikuwa imenyooka.

 Sajini akavuta benchi, akakaa, akanyoosha mguu, akavua buti na soksi.

"Lete mkanda. Nifunge. Stoo utakwenda ukinilegezea mimi."

Fundi akamfunga juu ya paja. Akazungusha, kidole kikiwa kwenye mgongo wa wayo. Jasho likamtoka Sajini kwenye paji la uso, mshipa wa shingo ukamsimama.

"Tayari?" akauliza kwa shida.

"Bado, afande. Mapigo bado yapo."

"Sasa unangoja nini?"

Fundi akashika kijiti vizuri, akazungusha.