Haya ya Kula Chakula cha Mwenyeji

Kuna siku moja ya kiangazi, mwanangu, ambayo imekataa kunitoka moyoni. Sikupenda kukueleza, lakini nilipokuja kukuona nimesikia kwamba tangu vita viwatoe kijijini mukafikia Goma kwa baba yako mdogo, unakula matonge mawili na kusema umeshiba. Watu wanakusifu kwamba una adabu. Mimi sikusifu. Adabu hiyo ninaijua, na ilinifanya mjane ningali msichana.

Mume wangu wa kwanza, Kubuya, alikuwa mkulima wa Nyamitaba, kule Masisi, mtu wa vilima kama sisi sote. Alijua maharagwe, alijua ng'ombe, mto mkubwa hakuujua. Bunduki zilipotufukuza, tulishuka kwa miguu, tukapita Ntoto, tukaingia ndani ya pori mpaka Walikale, kwenye mto Lowa. Kule mzee mmoja mvuvi, Papa Kibira, na mke wake Mama Anjelani walitupokea. Hatukuwa ndugu zao, na hata lugha yao ya nyumbani hatukuisikia. Walitupa chumba cha nyuma na kipande cha shamba, na kila jioni Mama Anjelani aliweka bugali na sombe, yale majani ya mihogo, katikati, tukala sahani moja.

Mimi nilikula. Kubuya alimeza kama mtu anayemeza dawa. Usiku alikuwa akininong'oneza, "Mgeni siku mbili, mama, ya tatu, jembe. Sisi tuko hapa tangu mvua." Na jembe alilishika kweli, maskini! Alilima shamba la mzee kabla ya kulima letu, akachanja kuni, akaziba paa. Lakini shamba halitoi chakula siku hiyo hiyo, na haya haina subira.

Ndipo kiangazi kikafika. Wakati huo Lowa inapungua, mchanga unatokea katikati ya mto kama migongo ya ng'ombe waliolala, na samaki wakubwa wanajikusanya kwenye vilindi. Papa Kibira alimfundisha Kubuya kuvua kwa kamba na ndoano, amesimama pale juu ya mchanga. Alimfundisha mambo mawili kwa mkazo. La kwanza, kamba haizungushwi mkononi hata siku moja; inashikwa kwa namna ya kuachiwa. La pili, maji yakigeuka mekundu wakati wa jua, usiulize sababu, rudi ukingoni, maana mvua imenyesha juu, kule Masisi. Kubuya alicheka kidogo. "Kumbe mvua ya kwetu inafika mpaka hapa?" Mzee hakucheka.

Kubuya alipata samaki wadogo wadogo, akawaleta nyumbani kichwa kikiwa chini. Alitaka mmoja mkubwa, wa kulisha nyumba nzima na majirani, ili mara moja tu yeye awe mwenye kualika.

Asubuhi ile mimi na Mama Anjelani tulikuwa ukingoni tukiosha mihogo. Kubuya alikuwa juu ya mchanga katikati ya mto, Papa Kibira ndani ya mtumbwi wake upande wa chini. Nikaona maji yaliyogusa miguu yangu yana majani na udongo. Kabla sijasema neno, mzee akapiga kelele.

"Kubuya! Achia! Maji inakuja!"

Lakini kamba ya Kubuya ilikuwa imekaza, na mwili wake umelala nyuma kwa nguvu zote. Aligeuka kututazama, na mwanangu, uso wake ulikuwa na furaha ambayo sikuiona tangu tuliposhuka vilimani.

"Iko mukubwa, Papa!" akajibu. "Leo miye njo nitawalisha!"

"Samaki itarudi, muntu hairudi! Achia!"

Hakuachia. Nadhani mwishoni alitaka kuachia akashindwa, maana kamba alikuwa ameizungusha mkononi. Maji yakafunika mchanga kama mtu anayefunika sahani. Papa Kibira alipiga kasia mpaka likavunjika.

Walimpata upande wa chini, pale mto unapopunguza mbio, kamba bado iko mkononi. Samaki alikuwa angali hai. Wanaume walikata kamba wakamwachilia. Hakuna aliyetaka kumla.

Kubuya tulimzika Walikale, mchungaji akaomba, majirani wakaimba nyimbo za kwao. Baada ya hapo nilikataa kula. Sikutaka tena chakula cha watu, maana niliona sasa nina haya ya wawili. Jioni Mama Anjelani akaja na sahani, akaketi chini karibu yangu. Alikuwa mwanamke mpole, lakini siku ile sauti yake ilikuwa ngumu.

"Bwana yako alikufa juu ya haya ya kula kwetu. Na weye unataka kufa juu ya haya ile ile? Jembe tulimupa. Haya ile, nani alimupa? Si sisi!" Kisha akaiweka sahani kati yetu. "Kila siku aliponipasulia kuni nilisema, huyu njo mutoto wangu. Sikumuambia. Nilizania anajua."

Tukalia sote wawili. Kisha akakata tonge, akanilisha kwa mkono wake kama mtoto, nami nikala.

Basi, mwanangu, shika neno hili. Fanya kazi kwa mwenyeji wako, ufagie, uchote maji, uamke mapema. Hiyo ni heshima. Lakini akikuwekea chakula, kula ushibe. Anayekupa kwa moyo hakuhesabii, na ukikataa unamnyima furaha yake. Usikimbilie hatari ili ulipe wema ambao hakuna aliyekudai. Na siku utakapokuwa na nyumba yako, mgeni akaketi kwako, usingoje ajue kwamba unampenda. Mwambie kwa mdomo, angali anasikia.

Mungu akupe mikono inayojua kutoa, na mingine inayojua kupokea. Akurudishe vilimani salama, ulime, uvune, ufungue mlango kwa watu. Amina, mwanangu. Nenda, wanakungoja mezani.