Vidole Nilivyoviunguza Mwenyewe

Mwanangu, ipo siku moja ya utotoni ambayo nikiikumbuka hata leo nacheka kwanza, halafu natazama vidole vyangu. Nakusimulia kwa sababu Jumamosi, hapa uani kwangu Mtwara ninapowafundisha, nilikuona ukipuliza vidole kila ukimaliza mstari mmoja wa gitaa, na wakati wa kuondoka ukamuuliza mwenzako kama kuna dawa ya kuvikomaza upesi. Nilisikia. Uzee umenichukua magoti, masikio bado.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, tunaishi Kilambo, jirani kabisa na mto Ruvuma. Mwalimu wetu alikuwa Mzee Anselmo, aliyevuka kutoka Msumbiji na magitaa mawili, moja mgongoni na jingine kichwani. Kule kwao alijifunza kwa wamisionari muziki wa klasiki, ule wa kusoma noti kwenye karatasi na kupiga kwa vidole vitupu, kila kidole na kazi yake. Watoto sita tulikuwa tunagombania magitaa hayo mawili. Sijui nikuelezeje furaha ile, mwanangu. Siku ya kwanza nilipogusa uzi mnene na gitaa likanitetemekea kifuani, nilirudi nyumbani mbio kumhadithia mama, nikaisahau huko huko ndoo niliyotumwa nayo maji.

Baba hakupenda. Kwake gitaa lilikuwa mambo ya vilabu vya pombe, tena kwa mtoto wa kike. Mama alimsihi sana, mwishowe akakubali kuja kusikiliza mara moja tu, Jumapili ya mwisho wa mwezi. Asiporidhika, ndiyo basi, sitagusa gitaa tena.

Wimbo tuliopangiwa ulikuwa wa magitaa mawili. Mimi nilipewa sauti ya juu, rafiki yangu Halima sauti ya chini. Na Mzee Anselmo alikuwa na utaratibu wake uliotuudhi kweli kweli: ukikosea, unaacha kupiga, unasema kwa sauti, "Nimekosea hapa," unaonyesha noti yenyewe, kisha unaanza upya pale pale, polepole. Ukijifanya hujakosea, unampisha mwenzako. Kwangu mimi hiyo ilikuwa adhabu kubwa, maana nyumbani nilikuwa bingwa wa kukana. Niliwahi kuvunja kikombe nikasema ni paka, na paka hatukuwa naye.

Zilipobaki siku nane, ncha za vidole zilikuwa zinauma hata kushika kijiko ni taabu. Ulikuwa msimu wa korosho, mama na shangazi wanabangua nyuma ya nyumba. Vidole vyao vilikuwa vigumu, wanaokota korosho za moto huku wanapiga soga. Nikajiambia, kumbe ugumu ule unatokana na mafuta ya ganda. Mtoto yeyote wa kwetu anajua kwamba mafuta yale yanababua, nami nilijua vizuri sana, lakini haraka ilikuwa imenipanda kichwani. Nikachovya vidole vinne vya mkono wa kushoto katika mafuta hayo, nikakaa kusubiri sugu.

Jioni yake vilikuwa malengelenge matupu. Siku ya tatu ngozi ilikuwa inatoka kama ganda la kiazi kilichochemshwa. Nilikwenda kwa Mzee Anselmo mkono nimeuficha mgongoni.

"Lete huo mkono, Somoe," akasema.

Aliugeuzageuza, akanusa vidole, akajua ni mafuta ya korosho. Nilitamani anipige.

"Sugu za mama yako hakuzipata kwa kuchovya," akasema. "Yuko kwenye kazi ile tangu wewe hujazaliwa. Wewe ulitaka uzipate kati ya chakula cha mchana na cha jioni?"

"Nisamehe, mwalimu."

"Mimi nimeshakusamehe. Lakini anayekuja kusikiliza ni baba yako. Jumapili utamwambia mwenyewe."

Jumapili baba akaja uani kwa mwalimu amevaa kanzu na kofia yake nzuri, utadhani anakwenda harusini, akakaa mbele kabisa.  Uongo nilishauandaa: nimeungua na uji wa moto. Nikasimama, nikanyoosha mkono, na mdomo, kwa mazoea ya wiki zote zile, ukatoa kitu kingine.

"Nimekosea hapa, baba. Nilipaka mafuta ya korosho ili vidole vikomae upesi. Leo siwezi kupiga."

 Halima akaninong'oneza, "Imba sauti yako, mimi nitapiga yangu." Basi niliimba, mwanangu, bila maneno, la-la-la, na jamani, kumbe wimbo ule ulikuwa mzuri hivyo! Wiki zote nilikuwa nashughulika na vidole vyangu tu, sikuwahi kumsikia Halima. Siku hiyo nilimsikia. Akipunguza, nami napunguza, akisubiri, nasubiri. Nilifurahi mpaka nikasahau kuwa baba yupo.

Tulipomaliza baba akainuka. "Mwalimu, muziki wenu mimi siuelewi. Ila huyu tangu azaliwe hajawahi kukiri kosa bila kiboko. Umemfanyaje?"

"Nimemfundisha gitaa tu," akasema Mzee Anselmo.

Baba akaiweka kofia yake sawa. "Basi endelea naye."

Sasa nisikilize, mwanangu. Dawa ya vidole usiitafute. Piga kidogo kila siku, vikiuma pumzika, kesho rudi. Nyinyi mna bahati, siku hizi hata simu inakwambia uzi umelegea. Lakini simu haitakusemea kosa lako, hilo utalisema mwenyewe. Mwenzako akipiga, msikilize hadi umjue. Sikufundishi ili uwe mpigaji mkubwa, ingawa ukiwa, nitajivuna mtaa mzima. Nakufundisha kwa ajili ya siku utakaposimama mbele ya mtu unayemwogopa, uongo uko tayari mdomoni, na ukweli uko mgumu kuutoa. Siku hiyo haina mazoezi yake. Mazoezi ni haya ya sasa.

Mwenyezi Mungu akukomaze taratibu, akupe mwenzako wa kupiga naye, na amlete mzazi wako akae mbele kabisa kukusikiliza.