Mfereji wa Lobulu Kisiwani

Siku waliyotuchukua, mimi na kaka yangu Lobulu tulikuwa juu ya Ngaramtoni tunasafisha mfereji. Ilikuwa zamu yetu ya maji. Kwetu aliyechimba kipande ndiye anayekitunza. Mvua ikikatika tu, anakwenda kukikagua, hata kama chakula kiko mdomoni. Maaskari wa Mjerumani walikuja wakitafuta wapagazi wa vita vyao na Waingereza. Mwalimu wa misheni aliwaambia mimi ni mwanafunzi. Hawakumjali.

Nilikuwa na miaka kumi na mitano. Sasa nina kumi na tisa. Mbele za watu sijui kusema, ndiyo maana naandika.

Tulitembea hadi pwani, tukavushwa kwenye kisiwa kidogo mdomoni mwa mto. Kazi ilikuwa kuchimba mahandaki. Askari mmoja, Juma, mtu wa huko huko pwani, alimcheka Lobulu kwa kuchimba handaki la kupindapinda.

"We mtu wa mlimani, umelewa? Nyoosha!"

"Kwetu maji yakinyooshewa njia yanabomoa kila kitu, bwana askari. Nadhani na moto ni hivyo hivyo."

Ofisa alipopita alitazama zile kona, akasema tuendelee. Tukafunika handaki kwa magogo ya minazi na mchanga. Mizinga yenyewe tuliificha kwenye mikoko. Mbele, palipoonekana, tulilaza magogo yaliyopakwa masizi, yafanane na mizinga.

Manowari ya Waingereza ilikuja asubuhi.

Ikapiga magogo.

Masikio yangu yalikufa. Makombora mengine yalipita juu yetu yakaangukia majini nyuma, maana manowari iliogopa maji mafupi, ikasimama mbali na haikutuona. Mengine yalizama kwenye tope kabla ya kupasuka. Moja liliingia handakini, lakini kona ilizuia vyuma visitufikie.

Nilijikojolea. Lobulu aliona, akanimwagia maji ya kibuyu chake, halafu akajimwagia na yeye, ili tuonekane tumelowa wote.

Kisha kimya.

"Imekatika," Lobulu alisema, akachukua jembe.

"Kaa chini wewe!" Juma alimfokea.

"Naangalia kipande changu tu. Narudi."

Mguu wake ulipita karibu na mkono wangu.

Kombora moja.

Waingereza walikuja na mashua wakidhani tumekwisha. Manowari yao ikanyamaza, isije ikawapiga wenyewe. Hapo mizinga ya mikokoni ikawarudisha.

Jioni ofisa alimwandikisha karani habari za siku ile, Juma akatufasiria: manowari imepiga tangu asubuhi, haikuua hata askari mmoja.

Ilikuwa kweli. Lobulu alikuwa mpagazi.

Juma hakucheka siku hiyo. "Pole, mdogo wangu," alisema, akanipa lile jembe.

Nilirudi nalo nyumbani. Yeyo, mama yetu, aliniuliza ilikuwaje mizinga mikubwa vile ishindwe na kisiwa kidogo. Nikamweleza habari za tope, magogo na zile kona. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Basi alichimba vizuri," alisema.

Nikamjibu ndiyo. Sikumwambia kwamba ningeweza kumshika mguu, lakini niliona haya, watu wasije wakageuka wakaziona nguo zangu zenye mkojo.

Siku hizi vipande vyote viwili ni vyangu. Mvua ikikatika, wenzangu wanatoka mbio na majembe. Mimi nakaa kwanza. Wananiita mvivu, nami nawaacha waseme.